Swali kwa Baba Mkwe

"Umemuuliza mwenyewe?"

Bi Zulfa hakuinua macho. Mkononi alikuwa na karatasi tatu zilizopigwa chapa, kazi kubwa ya kwanza ya Kunegunda tangu aanze kujifunza uandishi kwake. Miwani ilikuwa imeteremka hadi ncha ya pua, na kila aliyefanya kazi na Bi Zulfa alijua kwamba miwani ikifika pale, kuna mtu atalia.

"Nani, Bi Zulfa?"

"Huyu unayemwita hapa 'mfanyabiashara mmoja maarufu wa mbolea wa Mfaranyaki.' Wallahi, Kune, Mfaranyaki ina wafanyabiashara maarufu wa mbolea wangapi? Hata kuku wangu anamjua."

Kunegunda akaangalia dirishani. Ofisi ya gazeti la *Chemchemi* ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani, na mvua ya Februari ilikuwa inalipiga bati kama linadaiwa.

"Nimeandika mwishoni kabisa," akasema. "Hapo: 'Alipotakiwa kueleza, alijibu kwamba hana la kusema.'"

"Alikujibu wewe?"

"Alimjibu Fulgence. Nilimtuma Fulgence, akaniletea jibu."

Bi Zulfa akavua miwani, akaifuta kwa pindo la mtandio, akaivaa tena, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba anayemwona mbele yake ni yule yule.

"Mwanangu, kule Hanga kwenye semina tulikufundisha wiki mbili. Nani kati yetu alikwambia kwamba ukitaka kumhoji mtu, unamtuma mchumba wako?"

"Sasa ningefanyaje? Yule ni baba mkwe wangu!"

Hapo ndipo shida yote ilipokaa. Fulgence alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Beda Mbawala, mwenye duka la mbolea na mbegu. Posa ilikwishapokelewa, na ndoa ilipangwa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Tangu siku ya posa, Kune hakuruhusiwa kumtazama Mzee Beda usoni. Ndivyo Wangoni wa kwao walivyolea mabinti zao. Mkwe akimwona baba mkwe anakuja, anatoka njiani, anachuchumaa, anainamisha kichwa mpaka apite. Hakai naye mkeka mmoja. Hamtaji jina. Akiwa na neno la kumwambia, anatafuta wa kumtuma.

Kune alikwishachuchumaa kwenye matope kwa ajili hiyo, na gauni la kanisani likaharibika. Alikuwa akimtania Fulgence, "Baba yako mimi namjua kwa viatu tu. Siku akinunua vipya, nitampita kama mpita njia."

Na Fulgence alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Alikuwa na kicheko kinachoanzia mabegani, Fulgence yule. Msichana mwenye akili zake angeona kijana mwembamba mwenye ndevu za kuhesabika. Kune aliona msitu mzima.

Lakini kwa mwezi mzima sasa, Kune alikuwa pia akitembea mashambani Mshangano, viatu mkononi, akiangalia mahindi yaliyoungua. Majani yalikuwa ya njano kutoka nchani, kisha kahawia, kisha hakuna. Wote walioumia walikuwa wameweka mbolea ya kukuzia ya mwezi wa Januari, na wote walikuwa wameinunua duka moja. Mjane mmoja, Mama Athanasi, alimpa konzi ya ile mbolea kwenye kipande cha kanga.

"Onja," alimwambia. "Usiogope, mimi nimeonja. Tangu lini mbolea ikafaa kutiwa kwenye mboga?"

Ilikuwa chumvi ya mawe, iliyotwangwa ikachanganywa na mbolea halisi.

"Chumvi ipo kweli," Bi Zulfa akasema sasa, akigongagonga karatasi kwa kidole. "Umepima, umeonja, umewasikiliza watu na umekwenda kwenye mashamba ya jirani waliotumia mbolea nyingine. Kazi nzuri. Lakini nani kaiweka hiyo chumvi, hujui. Unadhani. Na unataka watu elfu moja wadhani pamoja na wewe."

"Duka ni lake."

"Duka ni lake, mkono huujui ni wa nani. Na jibu lake limeletwa na mwanawe, anayempenda na kumwogopa. Hilo mimi silichapi." Bi Zulfa akapunguza sauti. "Na la pili utalichukia zaidi. Habari hii haitatoka kwa jina lako."

"Bi Zulfa! Mwezi mzima!"

"Hata ingekuwa miaka. Wewe unaolewa katika nyumba ile. Ukimsafisha watasema umehongwa, ukimchafua watasema mahari haikutosha. Nitaiandika mimi. Kesho asubuhi nakwenda dukani kumuuliza."

Kune akazivuta kwake zile karatasi tatu. Mvua nayo, kwa umbea wake, ikapungua ili isikie.

"Usiende," akasema hatimaye. "Niache niende mimi. Nimemwinamia yule mzee njiani huku mbolea yake nimeibeba kwenye mkoba. Akiisikia kwa mgeni, atajua kwamba heshima yangu yote ilikuwa ya uongo."

"Ukienda, Kune, ndoa yaweza kufa."

"Najua."

"Hujui," Bi Zulfa akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake haikuwa ya mwalimu. "Lakini nenda."

*

Shangazi Dorine, aliyemlea Kune tangu wazazi wake walipofariki, alikuwa anachambua maharage aliposikia. Hakupiga kelele. Alisogeza ungo pembeni, akafunga kanga vizuri, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele.

"Utakwenda kusimama mbele ya mkweo?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Umwambie kwa mdomo wako kwamba ni mwizi?"

"Nimuulize. Kuuliza si kumwambia."

"Kwa mkwe ni kitu kimoja! Mimi nimeishi na baba mkwe wangu miaka yote ile, boma moja, kisima kimoja. Unajua lini nilijua ana kovu shavuni? Siku walipofungua jeneza tumuage." Akakaza fundo la kanga. "Na alinipenda. Alikuwa ananiachia boga zuri mlangoni, hasemi kitu, anaondoka. Wewe unataka kuvunja hayo kwa ajili ya gazeti la kufungia vitumbua?"

"Ni kwa ajili ya watu wanaoweka chumvi mashambani, Shangazi. Mifuko bado ipo majumbani mwao."

"Basi aende yule Myao wako mwenye miwani."

"Angekuwa baba yangu," Kune akasema, "ungetaka aulizwe na nani? Mtu anayemheshimu au asiyemjali?"

Shangazi Dorine akavuta ungo, akarudi kwenye maharage. Aliyachambua yale yale aliyokwishayachambua.

"Vaa gauni refu," akasema bila kuinua kichwa.

*

Mzee Beda alikuwa peke yake dukani, ameketi nyuma ya mizani. Alipoona ni nani aliyesimama mlangoni, aliinuka haraka ili ampishe, kama adabu ilivyotaka, atokee mlango wa nyuma. Lakini mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na mifuko ya mbegu. Akabaki katikati ya duka lake mwenyewe, mtu mzima asiye na pa kwenda. Kisha akageuka, akampa mgongo, akaukabili ukuta.

"Shikamoo, Baba."

"Fulgence hayupo," mzee akauambia ukuta. "Kama kuna ujumbe, mwachie jirani hapo."

"Ujumbe ni wangu, Baba. Nimeuleta mwenyewe."

"Binti, unaumwa?"

"Hapana." Kune alikuwa ameshika fremu ya mlango, maana magoti yalikuwa yamekwishaanza kukunjika yenyewe, kwa mazoea. "Leo sikuja kama mkwe. Nimekuja kama mwandishi wa *Chemchemi*. Utakachosema kitaandikwa. Ukinifukuza nitaondoka, na hilo pia litaandikwa."

"Kumbe ukwe unavuliwa mlangoni, kama ndala."

Kune akaendelea, maana alijua akisimama hatasema tena.

"Mbolea ya kukuzia iliyouzwa hapa mwezi wa Januari ilichanganywa na chumvi ya mawe. Mahindi ya Mshangano yameungua. Nimeyaona, nimeonja mbolea yenyewe. Nakuuliza, Baba: uliichanganya wewe?"

Mgongo wa Mzee Beda haukutikisika. Kisha mkono wake mmoja ukaenda ukashika ukuta, taratibu.

"Chumvi?"

"Chumvi, Baba."

"Kwenye mifuko yangu?"

"Fulgence alisema alikuuliza wiki iliyopita. Ukamwambia huna la kusema."

"Fulgence hajaniuliza kitu."

Alilisema kwa haraka, kwa ukali wa mtu anayetetewa na ukweli. Kisha akakisikia alichokisema. Kune naye akakisikia.

"Tangu siku ya posa yako," mzee akasema, na sasa sauti ilikuwa imezeeka, "ghalani sijaingia. Ufunguo nilimpa yeye, mbele ya ndugu wote. Nilisema mwanaume anayeoa asiwe mtu wa kuomba ufunguo kwa baba yake. Nilijisikia vizuri siku ile. Nilijiona nimelea."

"Baba, siyo lazima uendelee."

"Si umesema unaandika? Andika."

Kune hakuweza hata kufungua mkoba. Alikuja na hofu ya kusikia kwamba baba mkwe wake ni mwongo. Hii nyingine hakuja nayo. Hakuwa hata na mahali pa kuiweka.

Ndipo Mzee Beda akageuka. Akamtazama usoni, waziwazi, kama mtu anavyomtazama mtu. Kune alikuwa hajawahi kuona macho yake. Yalikuwa macho ya Fulgence, yamewekwa katika uso uliochoka.

"Jina langu liandike," akasema. "Ghala ni langu, siwezi kujificha nyuma ya mtoto. Na yeye ukimwona kabla yangu, muulize kama ulivyoniuliza mimi. Usimpunguzie."

*

Fulgence alikuwa Mshangano, kwenye nyumba waliyokuwa wanajengewa. Ilikuwa na kuta, ilikuwa na paa, ilikuwa na mlango mmoja tu, na kwa Kune ilikuwa jumba la mfalme. Alimkuta anapiga lipu ukuta wa jikoni, shati limejaa udongo, anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ambayo kwaya ilikwishamwomba aiache.

"Mwandishi wangu! Umekuja saa nzuri. Njoo usimame hapa. Hapa ndipo utakapokuwa unaniunguzia ugali."

Kune akasimama alipoonyeshwa. Dirisha dogo lilitazama vilima vya Matogoro, na ukungu ulikuwa unashuka. Alifikiri angeweza kusimama hapo maisha yake yote. Ingetosha kunyamaza tu. Hakuna aliyemlazimisha kusema.

"Nimetoka kwa baba yako," akasema.

Fulgence akacheka. "Umemwona viatu?"

"Nimemwona uso."

Mwiko ukasimama ukutani. Kicheko kilikawia kidogo mabegani, hakijui kwamba mwenyewe amekwishaondoka.

"Kune..."

"Ngoja. Usiseme kitu kwanza, nakuomba." Alitoa kalamu na karatasi. "Ukiniambia lolote sasa hivi, nitaliandika. Nitampa Bi Zulfa, naye atalichapa, na watu watalisoma. Usiniambie kwa kuwa ni mimi. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kuzungumza na Bi Zulfa badala yangu, ni haki yako."

"Na nikitaka kuzungumza na mchumba wangu?"

"Leo hayupo, Fulge."

Fulgence akaweka mwiko chini, akakaa juu ya tofali, akafuta mikono kwenye suruali.

"Ulikuwa upepo," akasema. "Ule wa Desemba. Uling'oa bati la ghala, mvua ikanyesha usiku kucha juu ya mbolea. Nilipofungua asubuhi, nusu ilikuwa uji. Ufunguo nilikuwa nao hata miezi miwili haijaisha. Baba alikuwa anautangaza kwa kila mtu, 'Ghala la Fulgence, muulizeni Fulgence.' Ningemwambia nini?"

"Kwamba upepo uling'oa bati."

"Wewe ungesema hivyo. Wewe ni mtu wa kusema." Akatabasamu vibaya. "Mimi nilinunua chumvi. Nilijiambia ni kidogo, kujazia tu mifuko. Nilijiambia mvua itaisafisha. Kila mfuko nilijiambia kitu."

Kune alikuwa anaandika. Machozi yalikuwa yanashuka hadi kidevuni, naye aliyafuta kwa bega ili mkono usiache kazi.

"Kuna mifuko iliyobaki?"

"Ipo."

"Iko kwa nani?"

"Kune, tuoane kwanza." Alisogea na tofali lake, kama mtoto. "Pasaka iko mlangoni. Baada ya harusi nitakwenda mwenyewe kwa kila mmoja, nitapiga magoti. Habari isubiri hiyo tu."

"Wiki ijayo wanaweka mbolea ya mwisho. Mifuko iko kwa nani?"

Akayataja majina. Kune akayaandika, akayarudia kwa sauti, akauliza vitongoji. Baadhi ya wale watu walikuwa wamealikwa harusini.

Lilibaki swali moja, na ndilo alilokuwa amelibeba njia nzima kutoka Mfaranyaki.

"Nilipokutuma kwa baba yako. Kwa nini ulirudi ukaniambia hana la kusema?"

Fulgence akainamisha kichwa.

"Nilijua hutamuuliza mwenyewe," akasema. "Wewe una adabu. Niliitegemea hiyo adabu yako."

Kalamu ikasimama.

Kama angesema aliogopa, Kune angelia na kumsamehe papo hapo. Kama angesema alitaharuki, au alimpenda baba yake mno, au alikuwa mjinga, angemsamehe pia, maana alikuwa na msamaha wa kutosha kwa yote hayo. Lakini hili. Kila alipochuchumaa matopeni kwa mapenzi, huyu alikuwa amesimama pembeni anahesabu kwamba binti huyu hatainua kichwa. Alikuwa tayari baba yake atiwe doa mbele ya mji mzima, na kalamu ya kumtia doa iwe ya mchumba wake mwenyewe.

"Ningeandika kwamba ni yeye," Kune akasema polepole. "Bi Zulfa asingenizuia, leo ningekuwa nimemmaliza yule mzee. Na ungeniacha."

"Sijui ningefanya nini."

"Mimi pia sijui. Hilo ndilo linaloniliza."

Nje watoto wa jirani walikuwa wanaitana warudi nyumbani. Ukungu ulikwishaimeza Matogoro. Fulgence alinyoosha mkono, ukafika nusu ya njia, ukarudi wenyewe.

"Shangazi atawaletea wazee wenu neno," Kune akasema. "Kuhusu posa."

"Kwa hiyo ndiyo imekwisha?"

"Usiniulize mimi maswali, Fulge. Leo sina nguvu za kujibu."

Akanyoosha karatasi juu ya paja. Alikuwa amefundishwa kwamba mtu aliyekiri jambo zito asomewe maneno yake, asije akaamka kesho akakuta mdomo wake umebadilishwa. Akamsomea yote: upepo, bati, chumvi, ufunguo, majina. Sauti ilikatika mahali pawili, akarudia alipokatikia. Fulgence alisikiliza macho yamefungwa, akitikisa kichwa kwa kukubali kila baada ya sentensi.

"Ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo."

"Kuna la kuongeza, au la kusahihisha?"

Fulgence akafumbua macho Kune alipoanza kukunja karatasi.

"Ongeza kwamba nilimpenda mwandishi."

"Hilo haliingii gazetini."

"Najua haliingii. Liandike tu, Kune."

Akaikunjua karatasi. Akaliandika chini kabisa, kwa mwandiko wake wa kila siku, herufi kwa herufi, wala hakuharakisha. Kisha akalikata kwa mstari mmoja ili Bi Zulfa ajue kwamba halichapwi. Mstari ulikuwa mwembamba sana, na maneno yote chini yake yalisomeka.